Uzito wa Ndoo Si Mkazo wa Kamba

Mpwa wangu wa kidato cha tano amenionyesha daftari lake la fizikia, na tangu hapo sijatulia. Swali lilihusu gogo la kisima la kilo 20, lenye nusu kipenyo cha mita 0.1, lililozungushiwa kamba yenye ndoo ya kilo 10. Ndoo inaachiwa, naye atafute mchapuko wa pembe wa gogo, yaani jinsi kasi yake ya kuzunguka inavyoongezeka. Alichukua uzito wa ndoo, nyutoni 98, akauzidisha kwa nusu kipenyo, akaigawa momenti hiyo (nguvu ya kuzungusha) ya 9.8 kwa momenti ya inesha ya gogo, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa, ambayo ni 0.1, akapata rediani 98 kwa sekunde mraba. Mwalimu ametia alama ya vema.

Jibu hilo ni kosa, na kulitambua hakuhitaji hesabu ngumu. Zidisha 98 kwa 0.1: ndoo inashuka kwa mchapuko wa 9.8, sawasawa na ndoo iliyokatika kamba. Lakini ndoo inayoanguka huru haivuti kamba, na kamba isiyovutwa italizungushaje gogo? Kwenye kisima cha bibi tulikatazwa kuachia mpini ghafla, usije ukatuvunja mikono. Hata hivyo, kila tulipokaidi, kamba ilibaki imekaza mpaka ndoo ilipogusa maji, kwa kuwa ndoo ilikuwa ikilivuta gogo na gogo likiizuia ndoo.

Kinacholizungusha gogo ni mkazo wa kamba, yaani nguvu ambayo kamba inavuta nayo, nao ni mdogo kuliko uzito, kwa sababu sehemu ya uzito inatumika kuiongezea kasi ndoo yenyewe. Andika mlinganyo wa ndoo, andika na wa gogo, uitatue pamoja: msuguano ukiachwa kando, mchapuko ni rediani 49 na mkazo ni nyutoni 49. Jibu la mwanafunzi ni mara mbili nzima ya lililo sahihi, naye akapewa alama zote.

Nakubali kwamba, kama mtu angeivuta kamba kwa mkono kwa nyutoni 98 bila kulegeza, 98 lingekuwa jibu sahihi. Swali halikusema mkono, lilisema ndoo. Na kama gogo lingekuwa bomba tupu ndani, lenye ukuta mwembamba, la upana na uzito uleule, hata 49 isingesimama, kwa kuwa uzito wote ungekuwa ukingoni.

"Mjomba, nikiandika 49 kwenye mtihani si nitakosa alama?" aliniuliza. Nilimwambia aandike 49, na kando ya ndoo achore mishale miwili: wa uzito ukishuka, wa mkazo ukipanda, wa pili uwe nusu ya wa kwanza.