Kabla ya kinanda, miguu

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Pasua, Moshi, alinionyesha daftari la mwanawe. Mtoto ana miaka mitano, yuko darasa la awali kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza, na kila muhula wanalipia muziki nje ya ada. Ndani kulikuwa na mistari mitano iliyopigwa kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, na juu yake nota zilizopakwa rangi nyekundu. Kazi safi, imejaa alama za vema. Nikamwambia, "Haya, niimbie hii moja." Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya mbolea.

Mimi si mtaalamu. Ni besi wa kwaya ya usharika, na Jumamosi mchana nakaa barazani na watoto wa Shule ya Jumapili. Lakini kwa daftari lile nitasema: mtoto yule hajafundishwa muziki, amefundishwa kuchora. Na sisi wazazi tunalipa kwa sababu mchoro unarudi nyumbani kwenye begi tukauona. Wimbo hauna begi.

Émile Jaques-Dalcroze aliliona jambo hili kwa wanafunzi wakubwa kabisa. Alianza kufundisha kwenye konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya Geneva, Uswisi, mwaka 1892, akakuta vijana wanaopiga ala kwa ufundi lakini mapigo hayakai: mara wanakimbia, mara wanabaki nyuma. Vijana haohao wakitembea barabarani, hatua zao hazikosei. Basi akawatoa kwenye viti, akawatembeza muziki.

Mimi nilianza kinyumenyume. Nilibeba kingoma, nikawa nakipiga ili watoto wafuate. Ilikuwa vurugu tupu, na nilichukua muda kuelewa kwamba kosa ni langu: mguu wa mtoto wa miaka minne ni mfupi, hatua yake ni ya haraka kuliko pigo la mtu mzima. Siku hizi namwacha mtoto mmoja akatize baraza, mimi napiga makofi chini ya nyayo zake. Hatua tatu, nne, anashtuka: "Makofi yananifuata!" Hapo anaanza kunitega. Anasimama ghafla, anakimbia, ananyata kama paka, anageuka kuona kama nimenaswa. Wenzake wamekufa kwa kicheko. Ndani ya dakika tano ameshajua haraka, polepole na kimya, na hajui kama amefundishwa.

Kisha tunapiga makofi ya maneno. Moshi, mawili. Arusha, matatu. Kilimanjaro, matano. Hapa Kiswahili kinatubeba vizuri ajabu, maana silabi zake zimekaa wazi kama punje za mahindi. Ila kuna mitego. "Mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, lakini "mbuzi" ni mawili, ingawa yote yanaanza na m. Tulipofika kwenye "mbwa", sisi walimu wawili tulibishana kabisa, mwenzangu akishikilia ni kofi moja. Watoto walikuwa wameshapiga mawili zamani: m-bwa. Wako sahihi.

Kwenye kuimba nako niliumbuka. Naanzisha wimbo kwa sauti yangu ya besi, watoto wananguruma kidogo, halafu wanaanza kupayuka. Nikadhani hawana sikio. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, mtu mzima, alikuwa anafagia kanisani siku hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, huo wimbo umewaanzishia baba zao." Nikaupandisha. Mngurumo ukaisha palepale. Mtoto wa umri huo anaimba vizuri ndani ya nota tano au sita tu, na ziko juu ya pale mwanaume anapoongea. Nadhani nusu ya watoto tunaosema hawajui kuimba wameanzishiwa chini, basi.

Wala sizipingi nota. Kwaya yetu inaimba kwa karatasi za d r m f s l t, na nazipenda. Herufi hizo, yaani sol-fa, alizisambaza mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule Afrika Kusini, aliandika kwa sol-fa mwaka 1897 tuni ambayo leo tunaisimamia wima tukiimba Mungu Ibariki Afrika. Lakini Curwen alikuwa na ishara za mikono pia, na Zoltán Kodály wa Hungaria alipotaka watoto wa nchi yake waanze na sauti zao na nyimbo za lugha yao, mbinu yake ilizichukua ishara hizo. Sisi tulibaki na karatasi.

Ishara hizo nimezirudisha barazani, mbili tu kwa sasa. So, kiganja kinanielekea kifuani. Mi, kiganja kinaangalia chini, mkono umeshuka kidogo. Msikilize mtoto anavyomwita mwenzake ng'ambo ya ua. Jina linashuka vilevile, kutoka so kwenda mi. Kwa hiyo hawajifunzi kitu kigeni, wanaona kwa mkono kile ambacho koo limekuwa likifanya. Mistari mitano itakuja wakifika darasa la tatu au la nne, na itakuwa na kitu cha kubeba.

Kuna mmoja alinisumbua moyo. Tangu mwezi wa tatu hajafungua mdomo. Anatembea kwenye mapigo kuliko wote, ishara za mkono hakosei, lakini sauti hakuna. Jumamosi iliyopita bibi yake alikuja kumchukua, nikamwambia kwa upole kwamba mjukuu bado hajaanza kuimba.

"Haimbi?" Bibi akacheka mpaka akashika nguzo. "Mwalimu, huyu nyumbani anatuimbisha wote, mpaka mbuzi."

Mtoto mwenyewe alikuwa ameinama pale ngazini anavaa kandambili. Bila kuinua kichwa, na bila sauti, akapiga makofi mawili.