Namba ya mwenzako si yako kuitoa

Mjadala wowote wa faragha mtandaoni ukianza, haupiti muda kabla mtu hajasema: "Mimi sina cha kuficha, wachukue wanachotaka." Nimeisikia kauli hiyo kwa watu ninaowaheshimu, wazee kwa vijana, wasomi na wasiosoma. Hawaisemi kwa ubaya. Wanaona maisha yao ni ya kawaida, na hawaelewi kampuni iliyo mbali itafaidika nini kwa kujua wanaongea na nani au wanapenda video gani.

Wengi huwajibu kwa kuwaambia kwamba nao wana siri, ila hawajazikumbuka tu. Jibu hilo huniacha na njaa. Hata tukikubali kwamba msemaji hana siri hata moja, bado anatoa ruhusa ambayo si yake kuitoa, kwa sababu sehemu kubwa ya taarifa tunazoikabidhi mitandao ya kijamii inawahusu watu wengine.

Chukua orodha ya majina kwenye simu. Unafungua akaunti mpya, programu inaomba kuisoma orodha hiyo ili ikutafutie marafiki, unakubali na kuendelea. Hapo imeondoka namba ya mama mkwe wako, ya daktari wako, ya mtu mliyegombana miaka iliyopita, na ya binti wa jirani ambaye wazazi wake wameamua asiingie mitandaoni mpaka akue. Mara nyingi namba huondoka na jina ulivyomsevu mwenyewe, na jina hilo linaweza kuwa habari kamili: "Dokta wa presha", "Wakili wa talaka". Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa.

Orodha moja haisemi mengi. Tatizo ni kwamba kampuni ina orodha za watu chungu nzima na inaweza kuzilinganisha. Namba ileile ikionekana kwenye simu za watu wanaofanya kazi mahali pamoja, wanaosali pamoja au wanaotibiwa kliniki moja, mwenye namba anaanza kujulikana hata kama hajawahi kujisajili popote.

Haya si mawazo ya mtu mwoga. Juni 2013, Facebook ilitangaza kuwa hitilafu katika mfumo wake ilifichua namba za simu na barua pepe za watumiaji wapatao milioni 6. Wengi waliichukulia kama habari nyingine tu ya taarifa kuvuja. Ila angalia jinsi ilivyovuja. Mtu alipopakua nakala ya taarifa zake mwenyewe, alikuta ndani yake namba na anwani za watu anaofahamiana nao, ambazo hao watu hawakuwahi kumpa. Zilitoka kwenye simu za watu wa tatu waliopakia orodha zao, na kampuni ikawa imeziunganisha na wenyewe na kuzihifadhi. Hitilafu ilirekebishwa. Utaratibu wa kukusanya orodha uliendelea.

Aprili 2018, Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alipohojiwa na wabunge wa Marekani, mbunge Ben Luján alimuuliza kuhusu taarifa za watu wasio na akaunti. Zuckerberg alikiri kwamba kwa ujumla kampuni hukusanya taarifa za watu ambao hawajajisajili, akasema ni kwa sababu za usalama. Luján akamkumbusha kwamba asiye na akaunti akitaka kujua Facebook ina nini juu yake, anaelekezwa afungue akaunti kwanza. Mtu aliyeamua kukaa nje alikuwa anaambiwa aingie ndipo aone alichochukuliwa akiwa nje. Hadi leo mabishano yale ya dakika chache yananiuma kuliko hotuba nyingi nilizosikia juu ya jambo hili.

Kilichowapeleka mpaka kwenye mahojiano yale ni sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa siasa iliyopata taarifa za watumiaji wa Facebook, lililofumuka Machi mwaka huohuo. Watu wengi wanalikumbuka kwa sababu ya siasa na uchaguzi. Mimi nalikumbuka kwa hesabu yake. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali ya kupima tabia, na taarifa ilizokusanya zikaifikia kampuni hiyo. Walioikubali kwenye akaunti zao walikuwa kama 270,000. Waliochukuliwa taarifa, kwa makadirio ya Facebook yenyewe, walifika milioni 87. Gawanya: kila aliyebonyeza kukubali aliwafungulia mlango watu zaidi ya 300. Kanuni za Facebook za wakati ule ziliruhusu programu ya nje kuchota taarifa za marafiki wa mtu aliyeikubali, na marafiki hao walikuwa usingizini, kazini, au wakipakia picha zao bila kujua lolote. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Ni pesa nyingi, lakini haikumfikia yeyote kati ya wale milioni 87 kumuuliza kama angependa taarifa zake zirudi.

Nina hakika wengi wa wale 270,000 wangesema hawana cha kuficha. Na huenda wangesema kweli.

Kuna jambo la ndani zaidi, gumu kulieleza kwa sababu halionekani kwenye mipangilio ya simu yoyote. Mwaka 2013 watafiti, wengi wao wa hukohuko Cambridge, walichapisha utafiti uliotumia taarifa za watu zaidi ya 58,000 waliojitolea. Walionyesha kwamba kwa kutazama laiki tu ambazo mtu amebonyeza Facebook, kompyuta inaweza kukisia kwa usahihi mkubwa dini yake, mrengo wake wa siasa, mwelekeo wake wa kimapenzi, na mengine ambayo hakuyaandika popote. Tafakari maana yake. Waliojitolea ndio walioifundisha kompyuta. Ikishafundishwa, haihitaji tena ujitolee. Inahitaji tu vijilaiki vyako vichache ili ikulinganishe na wale waliosema yote. Kila anayejianika bila kujali anaisaidia kumsoma jirani yake anayejitahidi kujisitiri. Ndiyo maana siamini kabisa kwamba faragha ni suala la chaguo la mtu mmoja mmoja.

Picha ni hivyohivyo. Kwa miaka mingi tuliandika majina ya marafiki juu ya nyuso zao, tukidhani tunapanga albamu. Facebook ikatumia nyuso hizo kuijengea kompyuta uwezo wa kumtambua mtu. Novemba 2021 ilitangaza kuachana na mfumo huo na kufuta alama za nyuso za watu zaidi ya bilioni moja, na Julai 2024 Meta, kampuni mama ya Facebook, ikakubali kulilipa jimbo la Texas dola bilioni 1.4 kumaliza kesi ya kuchukua alama za nyuso bila ridhaa. Alama zinaweza kufutwa. Picha zenyewe zimebaki, na ndani yake wamo watoto wetu, tuliowapiga wakiwa hawajui kusema hapana. Mtoto anazaliwa, kabla hajafumbua macho vizuri jina lake, tarehe yake, hospitali yake na sura yake vimeshakabidhiwa kampuni, na aliyevikabidhi ni mzazi anayempenda kuliko kitu chochote duniani. Siwalaumu wazazi kwa furaha yao. Nauliza tu ni nani alimwakilisha mtoto.

Najua nitaambiwa watu hawajali, wanapenda huduma ya bure, na mtandao unajilipa kwa matangazo. Sawa, tuliangalie hilo. Aprili 2021 Apple ilianza kuzilazimisha programu za iPhone zinazotaka kumfuatilia mtumiaji zimuulize kwanza kwa sentensi moja iliyo wazi kama anakubali kufuatiliwa kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine. Wengi walikataa. Februari 2022 Meta ikasema badiliko hilo lingeigharimu kama dola bilioni 10 mwaka huo. Hiyo ndiyo bei ya swali moja lililoulizwa kwa lugha inayoeleweka. Watu wanajali sana. Kilichokuwa kikikosekana ni kuulizwa.

Sheria zimesogea. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kuona alichohifadhiwa na kutaka kifutwe. Ilijengwa juu ya haki zilizokuwepo kabla yake, zilezile alizozitumia Max Schrems, mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, alipoidai Facebook taarifa zake mwaka 2011 na kuletewa zaidi ya kurasa 1,200, zikiwemo jumbe alizodhani amezifuta. Napongeza yote hayo. Lakini kwenye suala la orodha za simu bado naona pengo. Sheria hiyo haimgusi mtu anayetunza taarifa za wenzake kwa mambo yake binafsi na ya nyumbani, na ni haki isimguse. Hakuna anayetaka bibi ashtakiwe kwa kuwa na namba za wajukuu. Kampuni nayo husema ilipewa ruhusa na mtumiaji. Kati ya hao wawili, mwenye namba hana mtu wa kumsemea.

Ninachotaka ni hiki: kampuni ipigwe marufuku kuhifadhi namba, barua pepe au sura ya mtu ambaye hakuitoa mwenyewe. Ikitaka kumsaidia mtumiaji kupata marafiki waliokwisha jisajili, ilinganishe na kusahau papo hapo. Wasituambie haiwezekani. Tangu mwaka 2017 Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ilionyesha njia ya kulinganisha orodha ndani ya sehemu ya seva iliyofungwa, ambayo hata wenyewe hawawezi kuichungulia, bila kubaki na orodha ya mtu. Shirika lisilo la faida liliweza. Kampuni zinazovuna mabilioni ya dola kila mwaka haziwezi kushindwa. Zinachokosa ni sababu ya kutaka.

Na tusiamini sana ahadi ya kwamba taarifa itatumika kwa jambo iliyoombewa tu. Twitter iliwaomba watu namba za simu ili kulinda akaunti zao, kisha ikazitumia kulenga matangazo. Mwaka 2022 ikalipa dola milioni 150 kwa hilo. Kama hayo yalimkuta mtu aliyetoa namba yake mwenyewe, kwa hiari na kwa sababu njema, fikiria namba ambayo mwenyewe hajui hata kama ilitoka.

Wakati tukisubiri sheria, yako mambo ya kufanya leo. Fungua mipangilio ya simu yako, tazama ni programu zipi zimeruhusiwa kusoma orodha yako ya majina, na uziondolee ruhusa hiyo. Usiishie hapo, kwa sababu kilichopakiwa zamani hakifutiki kwa kuzima ruhusa. Ingia ndani ya kila mtandao, tafuta sehemu ya orodha zilizopakiwa, uifute yote. Rafiki zako wasio na akaunti nao waambie kwamba Meta ina ukurasa wa kuondoa namba ya mtu asiyetumia huduma zake. Umefichwa ndani ya kurasa za msaada, na utawataka waandike namba hiyo kwanza ndipo itafutwe. Mimi naona inafaa waitumie hata hivyo, na kila mara wanapobadilisha namba waitumie tena, maana namba mpya nayo itaingia kwenye simu za watu wao.