Cal Raleigh msimlinganishe na Griffey, mlinganisheni na Edgar

Tangu usiku wa Septemba 24, 2025, wapenzi wa timu ya besiboli ya Seattle Mariners wakikutana hawakosi kuulizana swali moja: je, Cal Raleigh amemfikia nyota wetu wa zamani, Ken Griffey Jr.? Usiku ule dhidi ya Colorado Rockies, Raleigh alipiga homurani mbili, ya 59 na ya 60 kwa msimu huo, na timu ikatwaa ubingwa wa kanda yake kwa mara ya kwanza tangu 2001. Rekodi ya klabu aliyoivunja siku chache kabla ilikuwa ya Griffey: homurani 56, alizopiga mwaka 1997 na akazirudia zilezile mwaka 1998. Kwa hiyo swali lina msingi. Ila mimi naona wanaouliza wamekosea mtu wa kumpimia; wangemtazama Edgar Martínez, mkongwe mwingine wa Mariners.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu: homurani ni pale mpigaji anapouchapa mpira ukavuka uzio wa uwanja, naye akazunguka vituo vyote vinne bila mtu wa kumzuia. Katika historia yote ya ligi kuu, watu saba tu wamefikisha 60 kwa msimu mmoja. Ukitazama Ligi ya Amerika peke yake, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, ambamo Mariners wamo, wako wanne: Babe Ruth mwaka 1927, Roger Maris mwaka 1961, Aaron Judge mwaka 2022, na sasa Raleigh. Watatu wa mwanzo wote walivaa jezi ya New York Yankees, klabu tajiri yenye makombe mengi kuliko zote. Wa nne anatoka Seattle, klabu iliyoanza 1977 na ambayo ndiyo pekee kati ya klabu zote 30 isiyowahi kucheza World Series, fainali ya ligi kuu, hata mara moja.

Mimi naishi Kent, kusini mwa Seattle, tangu 2009. Mchezo huu niliufahamu kupitia redio iliyokuwa ikilia muda wote pale nilipokuwa nikifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Mwanzoni sikuelewa kitu. Mzee mmoja wa zamu yetu akawa ananieleza kidogo kidogo, jioni kwa jioni, mpaka nikaanza kuuliza matokeo mwenyewe kabla hajaniambia. Mwaka ule ndio Griffey alikuwa amerudi nyumbani, ana miaka 39, goti linamsumbua. Mchezo wa mwisho wa msimu ulipokwisha, wenzake walimbeba mabegani wakamzungusha uwanjani. Nilimwona mzee wangu akijifuta machozi. Nilijua kuwa huyo mtu si mchezaji wa kawaida kwa mji huu, ingawa miaka yake ya ujana mimi sikuishuhudia.

Baadaye nilizitafuta picha zake za zamani. Griffey alikuwa chaguo la kwanza kabisa klabu zilipochagua vijana wa nchi nzima mwaka 1987, na mwaka 1989, akiwa na miaka 19, tayari alikuwa ligi kuu. Mwaka 1990 alicheza timu moja na baba yake mzazi, na Septemba 14 ya mwaka huo, kule Anaheim, baba akapiga homurani na mtoto akafuatia papo hapo na ya kwake. Mwaka 1993 alipiga homurani katika michezo minane mfululizo. Alilinda katikati ya uwanja wa nyuma kana kwamba ukuta haupo. Mei 1995 aliugonga ukuta wa Kingdome, uwanja wa zamani wa Mariners, akidaka mpira, akavunjika mkono, akarudi Agosti. Na lile pigo lake la mkono wa kushoto! Hata asiyejua kanuni moja ya besiboli akiliona anajua kuwa ameona kitu kizuri. Kofia kaigeuza nyuma, uso una tabasamu, gongo linapita hewani bila nguvu kuonekana. Alimaliza na homurani 630, na 417 kati ya hizo ni za Seattle.

Sasa mweke Raleigh kando yake. Msimu wa 2025 ulipokwisha alikuwa ana homurani 153 katika maisha yake yote ya ligi kuu. Griffey, alipomaliza msimu wa 1998 akiwa na umri huohuo, alikuwa nazo 350. Pengo hilo halizibiki kwa msimu mmoja, hata uwe msimu wa maajabu. Anayesema Raleigh amempita Griffey anachukua mwaka mmoja na kuuweka kwenye mizani na miaka kumi. Anayesema hajafanya kitu naye hajui udakaji ni nini.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopapita.

Raleigh ni mdakaji. Huyu ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa ngao kifuani na chuma usoni, akiupokea kila mpira unaotoka kwa mrushaji wake, mipira mia na zaidi kila mchezo, mingi ikija kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Anainuka, anachuchumaa, anainuka. Mipira inayogusa gongo kidogo na kupinda inamgonga bega, shingo, vidole. Pamoja na hayo, yeye ndiye mwenye kumshauri mrushaji arushe nini, ndiye anayesoma udhaifu wa kila mpigaji wa upande wa pili. Kwa sababu hiyo wadakaji hawatazamiwi kupiga sana. Miguu huchoka kufika Julai, na nguvu ya pigo inatoka miguuni. Johnny Bench, anayehesabiwa na wengi kuwa mdakaji bora wa nyakati zote, hakupita homurani 45. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Raleigh ameipita kwa 12. Tena ni mpigaji wa pande zote mbili, anayesimama kushoto au kulia kulingana na mkono wa mrushaji, na humo nako rekodi ilikuwa ya Mickey Mantle, 54, iliyokaa tangu 1961. Ameivunja pia. Amefanya hayo akicheza michezo 159 kati ya 162, na siku ambazo hakudaka aliwekwa kupiga tu ili miguu ipumue.

Na uwanja nao useme. Griffey, miaka ile ya homurani 56, nyumbani alipiga ndani ya Kingdome, jumba la zege lenye paa, ambamo mpira uliruka vizuri. Raleigh anapiga T-Mobile Park, karibu na bahari, ambako hewa ya Aprili na Mei ni baridi na nzito, na wapigaji wa timu zote wanalalamika kuwa mipira yao inafia kwa mlinzi hatua chache kabla ya uzio. Kwa hiyo nikiulizwa kama kuna mchezaji wa Mariners aliyewahi kuwa na mwaka mzito kuliko huu kwa gongo, najibu bila kusita: hapana. Si Griffey wa 1997 aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, si Alex Rodriguez wa 1996 na wastani wake wa 0.358, yaani sehemu ya zamu zake alizofanikiwa kuupiga mpira akafika kituoni. Kura za 2025 zilimpa Aaron Judge ushindi, 17 kwa 13. Mimi ningempa Raleigh, na nimeshabishana hilo na watu wengi wa huku.

Ila ukubwa wa mwaka ni jambo moja, na aina ya mtu ni jambo jingine. Tunapowalinganisha wachezaji wa leo na wakongwe, mara nyingi tunatafuta aliyewahi kushika namba ileile, basi. Griffey alikuwa na 56, Raleigh ana 60, tunawaweka pamoja. Lakini njia zao hazikukutana popote. Griffey alizaliwa ndani ya mchezo na alifika akiwa mwana wa mfalme. Raleigh alichaguliwa raundi ya tatu mwaka 2018 kutoka chuo cha Florida State. Alianza ligi kuu Julai 2021 akapiga vibaya. Mwaka uliofuata alianza vibaya zaidi, wastani chini ya 0.100, akarudishwa Tacoma kwenye ligi ndogo. Alirudi muda mfupi baadaye kwa kuwa mdakaji mwingine, Tom Murphy, aliumia bega. Mwishoni mwa msimu huohuo, Septemba 30, 2022, alipiga homurani ya mwisho wa mchezo dhidi ya Oakland iliyoirudisha Seattle kwenye mtoano baada ya miaka 21. Homurani 27 mwaka huo, kisha 30, 34, na ndipo 60. Hiyo ni ngazi, kapanda moja moja.

Nani mwingine wa Seattle alipanda hivyo? Edgar Martínez. Alikulia Dorado, Puerto Rico, akasajiliwa mwaka 1982 kwa dola 4,000, wakati ambapo alikuwa akihangaika na kazi ya kiwandani. Klabu ilimchelewesha, nafasi ya kudumu aliipata mwaka 1990, akiwa na miaka 27. Alipomaliza msimu wa 1992 akiwa na miaka 29, homurani zake za maisha hazijafika hata 50, ingawa mwaka huo aliongoza ligi kwa wastani wa 0.343. Macho yake mawili hayakutazama pamoja sawasawa, akayafanyia mazoezi kila siku kabla ya mchezo. Akacheza misimu 18, yote kwa jezi ya Mariners, wastani wa 0.312 na homurani 309. Mlango wa Ukumbi wa Umaarufu wa Cooperstown, unaowaenzi wakongwe wa besiboli, alifunguliwa mwaka 2019, mwaka wake wa kumi na wa mwisho kupigiwa kura. Griffey alikuwa ameingia tangu 2016, mara ya kwanza tu, kwa asilimia 99.3.

Najua pingamizi. Edgar alikuwa fundi wa kuugusa mpira, na Raleigh mwaka 2025 alitolewa mara 188 kwa kuukosa, wastani wake 0.247. Edgar miaka yake mingi hakuwa na kazi ya ulinzi kabisa, na Raleigh anabeba kazi ngumu kuliko zote uwanjani. Ni kweli. Mimi silinganishi pigo na pigo. Nalinganisha namna mji unavyomshika mchezaji.

Mji huu umezoea kuachwa. Randy Johnson aliuzwa Houston Julai 1998. Griffey aliomba kuondoka awe karibu na familia yake, akapelekwa Cincinnati Februari 2000. Mwisho wa mwaka huohuo Rodriguez akaenda Texas kwa mkataba wa dola milioni 252. Miaka miwili na nusu, watatu wakubwa wameondoka. Aliyebaki ni Edgar. Ndiyo sababu barabara inayopita kando ya uwanja inaitwa kwa jina lake. Wenyeji wakiniambia habari za Griffey hung'aa macho. Wakiniambia za Edgar hushusha sauti, kama watu wanaotaja jamaa yao.

Raleigh alisaini Machi 2025, kabla ya zile 60, mkataba wa miaka sita wa dola milioni 105. Mwaka mmoja zaidi angesubiri, bei ingekuwa nyingine kabisa. Na si kwamba yeye ni mtu wa kukubali kila kitu. Mwaka 2023 timu ilipokosa mtoano, alisema mbele ya waandishi kuwa klabu inapaswa kujitoa zaidi kununua wachezaji, na ingawa baadaye aliomba radhi kwa namna alivyolisema, sisi mashabiki tulijua amesema la moyoni mwetu. Mwenye kulalamika nyumba inavuja kisha akakaa akaiezeka, huyo ni mwenyewe wa nyumba.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha. Agosti 2024 klabu ilimkabidhi timu Dan Wilson, aliyekuwa mdakaji wa Mariners siku zile za Griffey na Edgar, na ikamrudisha Edgar mwenyewe awafundishe wapigaji. Kwa hiyo mdakaji wetu anaongozwa na mdakaji, na mkono wa mkongwe ninayemlinganisha naye umepita katika kazi yake. Wamo chumba kimoja.

Oktoba 8, 1995, dhidi ya Yankees, awamu ya 11, Seattle ikiwa nyuma 5–4, Edgar aliuchapa mpira kona ya kushoto. Joey Cora akaingia, Griffey akakimbia kutoka kituo cha kwanza mpaka nyumbani, wenzake wakamwangukia juu. Kila mtu anaikumbuka ile picha ya Griffey chini ya rundo la watu, anacheka. Pigo lilikuwa la Edgar. Mwezi huohuo bunge la jimbo likapitisha fedha za uwanja mpya.

Miaka 30 baadaye, Oktoba 20, 2025, Toronto, mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya Ligi ya Amerika, Raleigh alipiga homurani katika awamu ya tano na Seattle ikawa mbele 3–1. Katika awamu ya saba ikabaki kuwatoa wapigaji wanane tu wa Toronto kufika World Series. Hapo George Springer wa Toronto akapiga ya kwake, watu watatu wakaingia, 4–3, na ndivyo ulivyokwisha. Nilikuwa sebuleni na wanangu wawili. Mdogo akauliza kama Raleigh naye ataondoka sasa. Nikamwambia ana mkataba mpaka 2030, akaenda kulala.