Mafuta ya kukaangia, laini ya simu na dhamiri ya mnunuzi

Hapa Kisumu, mtaa wa Obunga, kuna mama ambaye nimekuwa nikinunua kwake mgongo wazi kwa miaka mingi. Ni yale mabaki ya mbuta (sangara) yanayotoka viwandani minofu ikishatolewa. Novemba 2017 nilimkuta amebadilisha mafuta. Mtungi wa lita 20 aliouzoea alikuwa ameugeuza wa kutekea maji, na kwenye karai kulikuwa na mafuta mengine, yenye povu, yaliyogeuka meusi upesi. Akaniambia atavumilia. Lakini kwenye ubao nyuma yake nambari ya M-Pesa ilikuwa bado ipo, imeandikwa kwa chaki. Nilipoitazama, alisema kabla sijauliza: "Hiyo nikiitoa, watoto watakula nini?"

Siku chache kabla, Novemba 3, muungano wa upinzani wa NASA, ulioongozwa na Raila Odinga, ulikuwa umewataka wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, Brookside ya maziwa na Bidco ya mafuta ya kupikia. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais Septemba 1, NASA ikasusia marudio ya Oktoba 26, na Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa takriban asilimia 98 ya kura. Kampuni hizo tatu zililaumiwa kwa kunufaika na utawala wa Jubilee, chama cha Uhuru. Safaricom ililaumiwa pia kwa sehemu yake katika kupeperusha matokeo, jambo ambalo yenyewe ilikana. Brookside ilitajwa kwa sababu ni ya familia ya Kenyatta. Hayati Raila mwenyewe akahamia Airtel, kampuni shindani ya simu.

Nianze na upande wa waliosusia, kwa sababu uliwahi kudharauliwa kuliko ulivyostahili. Mwananchi alikuwa amepiga kura, amekwenda mahakamani, na mahakama ilipoamuru seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe, amri haikutimizwa kikamilifu. Akienda barabarani, mji huu ulikuwa tayari umezika watu waliouawa polisi walipozima maandamano. Kukataa paketi ya maziwa hakumwagi damu ya mtu. Tena shilingi unayotoa ina pa kwenda, na mtu mzima ana wajibu wa kujiuliza inakwenda wapi. Anayesema "mimi nanunua tu, siasa hainihusu" anafanya uamuzi pia, ila hataki kuulizwa habari zake.

Shida inaanza unapofuata hiyo shilingi hadi mwisho wake. Wakati huo asilimia 35 ya Safaricom ilikuwa ya serikali, yaani ya walipa kodi wote, na NASA wamo. Asilimia 40 ilikuwa mikononi mwa kundi la Vodafone. Robo iliyobaki ilikuwa ya umma, wakiwamo Wakenya wa kawaida walionunua hisa kwa shilingi 5 mwaka 2008, na najua wazee wa hapa Nyanza waliouza ng'ombe ili wazipate. Brookside nayo ilikuwa imewauzia Danone ya Ufaransa asilimia 40 mwaka 2014, na maziwa yake hukamuliwa na maelfu ya wafugaji wadogo. Mfugaji huyo maziwa yake yakikataliwa asubuhi, jioni yameganda. Familia ya rais haitalala njaa kwa hilo.

Na mzigo wenyewe haukugawanywa sawa. Mwenye simu ya laini mbili na akaunti ya benki alihama bila kutokwa na jasho. Muuza samaki aliyelipwa kwa M-Pesa kutwa nzima angehama vipi, ilhali wateja wake wote wako huko? Kumwita msaliti, kama nilivyosikia vijana wakifanya, ilikuwa dhuluma.

Hapo ndipo nakumbuka Buganda ya mwaka 1959. Uganda National Movement, chini ya Augustine Kamya, iliwataka watu wasusie maduka ya Waasia, na madai ya chini yake hayakuwa ya bure: biashara ilikuwa imefungiwa Waafrika. Lakini wito uligeuka amri. Aliyeonekana akinunua alitishwa, wengine wakashambuliwa, na wenye maduka vijijini, ambao walikuwa majirani wa watu, wakafungasha. Ukimtisha mwenzako asinunue, dhamiri yake umeiondoa umeweka yako.

Montgomery, Alabama, huko Marekani, ilikuwa kinyume. Kuanzia Desemba 5, 1955, watu weusi waliacha kupanda mabasi kwa siku 381. Dai kuu lilikuwa moja na lilieleweka na kila mtu: kutobaguliwa kwenye viti. Aliyelengwa ndiye aliyekuwa akiwadhulumu, ndani ya basi lenyewe. Na waliotangaza mgomo hawakumwachia mfanyakazi wa nyumbani atembee peke yake. Makanisa yalipanga magari, na ratiba za kuwachukua watu zikawekwa. Mgomo ulikwisha dai lilipotimizwa.

Wa kwetu ulikwisha vipi? Machi 9, 2018, Raila na Uhuru walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais jijini Nairobi, na baada ya hapo wito ukanyamaza. Seva zilibaki zilivyokuwa. Machi 2023 Azimio, muungano mpya wa Raila, ikatoa wito mwingine, Safaricom ikiwamo tena. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kususia kwa namna hii ni wajibu wa kila mwananchi mwema. Kiongozi ana haki ya kuita, lakini akiita lazima aseme dai ni lipi, nani atamfidia aliye chini, na ni kitu gani kikitendeka tutarudi kununua. Bila hayo jasho letu linakuwa mtaji wa mazungumzo ya watu wengine. Hata hivyo sitamlaumu aliyesusia. Wengi wao walitoa walichokuwa nacho, na ndio waliobaki bila majibu.

Yule mama wa Obunga nilimpitia tena mwaka huo wa 2018, mikono ikiwa imeshapeanwa. Mafuta yalikuwa yaleyale ya povu. Nilimuuliza kama hajasikia kwamba mambo yameisha. Akageuza samaki, akanijibu bila kuinua kichwa: "Wao wameelewana. Mimi nilikuwa nauliza habari ya kura yangu."