Mzani wa Shangazi

Shemeji yangu ana stesheni wagoni ambayo hata walioiunda kiwandani wakiiona leo watapita bila kuisalimia. Injini ya asili aliing'oa, akaweka ya silinda 6 iliyotoka kwenye gari kubwa zaidi. Springi za nyuma ni za pikapu. Ekzosi inanguruma kiasi kwamba ukipokea simu ukiwa ndani, aliyepiga anakuuliza kama kuna usalama huko. Kitu kimoja tu hakukigusa: rejeta. Hiyo ni ileile iliyokuwa ikipoza injini ndogo, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, "maji ni maji tu, shem."

Sasa shangazi yangu alikuwa anahama, na anakohamia ni mbali. Vyombo vilishatangulia. Kilichobaki ni gari kuukuu la saluni la marehemu mumewe, ambalo pampu ya mafuta ilikufa zamani na haikuzikwa. Kuiuza hataki, kuikabidhi kwa watu asiowajua hataki. Shemeji akajipiga kifua: "Shangazi, hilo gari nitalivuta mimi mwenyewe. Tela la kuazima lipo. Na hii mashine yangu inavuta chochote."

Shangazi akakubali kwa sharti moja, kwamba na yeye atakuwemo. Siku ya safari akaja na mtandio, mkoba, na mzani wa kujipimia uzito ndani ya mfuko. Ule wa kusimama juu yake, wenye sindano. Daktari alimwambia ajipime kila asubuhi, na hakuwa tayari kuuweka kwenye buti la gari lolote tunaloliendesha sisi. Akaupakata kiti cha nyuma.

Kupakia saluni kwenye tela ndiko kulikozaa mambo. Winchi ya tela iko mbele, na ile ndoano ya kuvutia gari ililiwa na kutu upande wa mbele wa saluni. Nzima ni ya nyuma. Mtu mwingine angetafuta namna ya kufunga mkanda kwenye chuma kingine. Shemeji akaona njia ya mkato: akaigeuza saluni, akaivuta kinyumenyume mpaka juu. Matokeo yake, buti tupu likaja mbele karibu na sisi, na injini nzima na giaboksi lake vikakaa mkiani mwa tela, nyuma ya ekseli zote mbili.

Tukalifunga tela kwenye gari. Shemeji akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi yake, mikono kiunoni.

"Shem, umeona springi hizo? Gari halijalala hata kidogo!"

Kweli halikuwa limelala. Tena ukitazama vizuri, makalio ya stesheni wagoni yalikuwa yamepanda juu kuliko kabla hatujafunga tela. Shemeji alifurahi mno. Alipiga picha.

Shangazi akachungulia dirishani. "Mbona zito limekaa kule nyuma?"

"Shangazi, hayo ni mahesabu ya ufundi."

"Haya, baba."

Kwa mwendo wa mjini tela lilikuwa na adabu zake zote. Barabara ilipofunguka na shemeji akaanza kuipa injini nafasi ya kuzungumza, tukafika kilomita 80 kwa saa, na hapo kukawa na mteremko mdogo. Nilikuwa nimeegemea dirisha, macho kwenye kioo cha pembeni. Tela likatokea kwenye kioo changu. Nikaona taa yake ya pembeni, nikaona tairi, nikaona bampa la saluni. Likaondoka. Nikamsikia shemeji anasema "aah", maana lilikuwa limemtembelea yeye kwenye kioo chake. Kisha likarudi kwangu, na safari hii lilikuja na vitu vingi zaidi: niliona mlango mzima.

Usukani ulikuwa unacheza mikononi mwa shemeji bila ruhusa yake. Stesheni wagoni ikaanza kutikisa kiuno. Kila tela lilipokwenda kushoto, makalio yetu yalisukumwa kulia, na kila mzunguko ulizidi uliotangulia.

"Kanyaga breki!" nikapiga kelele.

"Hapana! Nikiongeza mwendo linanyooka!"

Niwaambie kitu kuhusu huo ushauri wa kuongeza mwendo, maana kila kijiwe cha madereva una mtetezi wake. Tela linaloyumba linapata nguvu ya kuyumba kutoka kwenye mwendo wenyewe. Ukiongeza, umelilisha. Na breki za gari nazo ni balaa, kwa sababu gari linapunguza mwendo huku tela bado linakuja, linakusukuma mgongoni, na likikukuta umekaa upande linakukunja. Kinachotakiwa ni kuinua mguu kwenye mafuta, kuushika usukani ukiwa umenyooka bila kulifukuza tela huku na huku, na kama tela lina breki zake za umeme, kuzikamata hizo peke yake, ili tela liwe ndilo linalovutwa nyuma na kujinyoosha.

Hayo nayajua leo. Siku ile kilichotuokoa ni shangazi. Chini ya dashibodi, kati ya viti viwili, kulikuwa na kisanduku cha kuongozea breki za tela, chenye kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Shangazi alikuwa akitafuta cha kushikilia. Akanyoosha mkono kati yetu, akakishika kile kisanduku kwa nguvu zote za mwanamke aliyekwisha kutoa shahada, na kidole gumba kikatua juu ya kitufe. Tela likapiga breki nyuma yetu, likavutika, likanyooka. Shemeji naye miguu ilikuwa imeshamwisha nguvu, wa mafuta ukainuka wenyewe. Tukaserereka mpaka kwenye uwanja wa kuegesha malori, tukasimama.

Kwa muda ekzosi peke yake ndiyo iliyokuwa na la kusema.

"Shangazi, unaweza kuachia sasa," nikamwambia. Hakuachia.

Dereva mmoja wa lori alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tairi zake, ametuona tangu kule juu. Akaja taratibu, akalizunguka tela, akainama kutazama shingo yake, pale inaposhika gari, akasukuma juu kwa mkono mmoja. Shingo ikainuka. Kwa mkono mmoja!

"Nani kapakia hivi?"

Shemeji akaanza kukagua upepo wa tairi.

"Ndugu zangu, mkokoteni ukijaza mzigo nyuma, anayevuta ananing'inia. Hili tela linawanyanyua, ndiyo maana mnaona gari limepanda. Mnadhani ni springi?"

"Tulidhani ni springi," akasema shangazi kutoka ndani, na hilo "tulidhani" lilikuwa la heshima tu.

Yule bwana akatueleza kwa utulivu. Kwa tela la kubebea magari, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa ilale kwenye shingo. Saluni yetu ilikuwa na kama kilo 1,300, tela lenyewe kama 800, jumla 2,100. Kwa hiyo shingo ibebe kati ya kilo 210 na 315. Ikipungua, tela linayumba. Ikizidi, nyuma ya gari inalala na tairi za mbele zinakosa mshiko, usukani unakuwa mwepesi mpaka unajiuliza kama umeunganishwa na kitu. Akaona pia kwamba minyororo ya usalama tumeifunga sambamba. Akaifungua, akaivusha kwa kuipishanisha chini ya shingo, ili shingo ikichomoka ianguke juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Tukashusha saluni. Tukaigeuza kwa kuisukuma, shemeji kwenye usukani akitoa amri, mimi na dereva wa lori tukiwa ndio injini. Mkanda ukapitishwa kwenye chuma kinachokatiza chini ya injini, winchi ikavuta, saluni ikapanda kwa mbele safari hii.

"Sasa tutajuaje shingo ina kilo ngapi?" nikauliza.

Tukatazamana. Halafu wote watatu tukageukia kiti cha nyuma.

"Msithubutu," akasema shangazi.

Mazungumzo yalichukua muda. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mzani unaishia kilo 120, na hapo alikuwa na haki. Dereva wa lori alikuwa na jibu. Akaweka ubao mnene chini: ncha moja juu ya kipande cha mti, ncha ya pili juu ya mzani. Shingo ya tela akaishusha kwenye ubao, lakini si katikati. Aliiweka theluthi ya kwanza kutoka kwenye kile kipande cha mti. Kwa mpangilio huo mzani unabeba theluthi moja tu ya uzito. Unachokisoma unazidisha mara 3.

Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikakaa kwenye 60. Mara 3 ni 180. Haitoshi. Tukaisogeza saluni mbele kidogo, tukapima tena: 80. Shemeji akahesabu kwa vidole, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo yeye mwenyewe: "Kilo 240! Mara 3, shem, unazidisha mara 3 tu!" Alilipenda lile hesabu. Njia nzima baadaye alikuwa akilirudia.

Shangazi aliupokea mzani wake, akaupangusa kwa mtandio, akaukagua chini na juu.

Tukarudi barabarani na tela likatulia kabisa. Ila sasa gari lililala nyuma, kidogo tu, lakini pua ikaelekea mbinguni. Shemeji akapendekeza, kwa lugha aliyodhani ni laini, kwamba shangazi ahamie kiti cha mbele "ili kusawazisha."

"Unasawazisha nini?"

"Uzito, shangazi."

Nilihamia nyuma mimi, na shangazi akakaa mbele, lakini hakumsemesha mpaka mlimani.

Huko mlimani ndiko rejeta ilikotudai. Injini kubwa inayovuta zaidi ya tani 2 kupanda mlima inatoa joto la injini kubwa, na rejeta ndogo inalitazama tu. Tena kwenye gari la otomatiki, mafuta ya giaboksi nayo mara nyingi hupozwa humohumo kwenye rejeta, kwa hiyo wanaumwa wote pamoja. Giaboksi lilikuwa linapanda gia, linashindwa, linashuka, linapanda tena, mpaka shemeji alipozima ile gia ya juu kabisa. Sindano ya joto ikaendelea kupanda.

"Washa hita," nikasema.

Hita ya gari ni rejeta ya pili, ndogo, inayochukua joto la maji ya injini na kulimwaga ndani. Ukiiwasha mpaka mwisho na feni ikiwa juu kabisa, unaipunguzia injini mzigo. Injini inapona. Anayeumia ni wewe.

Lilikuwa jua la saa saba mchana. Shemeji akawasha. Upepo ukatoka kwenye dashibodi na kumpiga shangazi usoni moja kwa moja.

"Mmeona gari lina joto, mkaongeza?"

"Shangazi, tunalipoza."

"Mnalipoza kwa moto?"

"Ndiyo, shangazi."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akakusanya mtandio, akafungua dirisha lake mpaka chini, akatoa kichwa nje, na akakaa hivyo mlima mzima. Magari yaliyotupita yalimwona mama mtu mzima ametoa kichwa, anatiririka jasho, anasoma dua. Wengine walipunguza mwendo kuuliza kama tunampeleka hospitali.

Mlima ulipoisha sindano ikashuka. Kuteremka upande wa pili shemeji aliweka gia ya chini na kuiacha injini izuie, na kwa hilo nampa heshima yake. Kisha giza likaingia, na kwa ile pua iliyoelekea juu, taa zetu zikawa zinamulika majani ya miti. Kila gari lililokuja mbele lilituwakia taa kamili. Shemeji akawa anawajibu kwa kupunga mkono.

"Wanalikubali gari," akasema.

Tulifika usiku mkubwa. Kulirudisha tela nyuma kuliingiza uani ni habari nyingine. Fahamu tu kwamba tulilifungua, tukalisukuma kwa mikono, na jirani mmoja akapoteza sehemu ya ua wake.

Asubuhi tukiwa tumekaa barazani, shangazi akatoka na mzani wake. Akauweka sakafuni, akavua viatu, akapanda. Akainama, akaitazama sindano. Akashuka, akapanda tena. Uso ukamchanua kama sijamwona tangu tuondoke.

"Kilo 64! Wanangu, nimepungua! Ile hita yenu kumbe dawa!"

Mimi nilikuwa nimeona jana yake jinsi lile bati la juu la mzani lilivyobonyea ubao uliposhuka. Nikanyamaza. Nikamkanyaga shemeji mguu kabla hajafungua mdomo, lakini yeye alikuwa anatazama simu, akiangalia bei za springi ngumu zaidi, na hakuinua hata kichwa.

"Shangazi," akasema, "hapo bado hujazidisha mara 3."