Biti ya tano ya ARM: upangaji mbovu au busara?

Jumamosi iliyopita, kwenye darasa letu dogo la vijana hapa Majengo, mwanafunzi mmoja alileta programu aliyoiandika mwenyewe. Unaipa amri ya prosesa ikiwa namba tupu, nayo inakusomea maana yake. Tukaipa amri ya ARM (familia ya prosesa), EE702A01, iliyoandikwa kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Ikajibu: jumlisha s0 na s1, weka jibu kwenye s18 (hayo ni majina ya rejista, vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa). Sivyo. Amri ile inasema jumlisha s0 na s2, weka kwenye s5. Tulihangaika nayo tangu alasiri hadi adhana ya Magharibi, na kosa lilipopatikana ukazuka ubishi mwingine: aliyekosea ni mwanafunzi, au ni waliozipanga biti zile, yaani 0 na 1 zinazoiunda amri?

ARM ina rejista za namba za desimali zilizo mbali na zile za namba kamili. Zinazoitwa s ni 32, kila moja biti 32. Zinazoitwa d ni za biti 64, na d0 si kitu kingine ila s0 na s1 zikishikana. D1 ni s2 na s3, hivyo hivyo mpaka d15. Kutaja rejista moja kati ya 32 kunataka biti tano. Lakini amri za ARM zilijengwa juu ya nafasi za biti nne, kwa kuwa rejista za namba kamili ni 16. Ndipo biti ya tano ikatafutiwa makao mbali na wenzake: kwa rejista ya kupokea jibu, biti nne zimekaa nafasi ya 12 hadi 15, na ya tano iko peke yake kwenye nafasi ya 22.

Mbali si tatizo. Kinachowatesa watu ni mpangilio. Ukiwa na rejista ya s, biti ya tano unaiweka mwisho, kuliani. Ukiwa na ya d, unaiweka mwanzo, kushotoni. Chukua biti nne 0010 na ile ya pembeni ikiwa 1. Kwa s unapata 00101, yaani 5. Kwa d unapata 10010, yaani 18. Biti ni zilezile! Badilisha herufi moja tu ya amri yetu, A iwe B, upate EE702B01, na maana inageuka kuwa: jumlisha d0 na d1, weka kwenye d18. Mwanafunzi alitumia kanuni ya d kwa kila kitu.

Wanaolaumu upangaji huu wana hoja nzito. Kosa lake halipigi kelele. Rejista ya s18 ipo kweli, kwa hiyo programu ile haikuwa na sababu ya kulalamika; ilidanganya kwa utulivu. Tena njia iliyonyooka ipo. RISC-V, familia nyingine ya prosesa, imeziweka biti tano pamoja, na rejista ya kupokea jibu iko nafasi ya 7 hadi 11, iwe ni ya namba kamili au ya desimali. Amri yenyewe ndiyo inayosema ni kundi gani. ARM nao walipotengeneza amri za biti 64, AArch64, waliunganisha biti tano na kuvunja ule ushirika wa s mbili ndani ya d moja. Mwenye kuacha njia yake mwenyewe, wanasema, amekiri.

Mimi sikubali kwamba amekiri kosa. Nilichora ubaoni nyumba za Mji wa Kale. Zipo nyumba 16, kila moja ina chini na juu. Mpangaji wa s anakaa sakafu moja, kwa hiyo biti nne zinamwonyesha nyumba, na ya tano inasema chini au juu. Ni sawa kabisa iwe mwisho. Familia ya d inachukua nyumba nzima; kwake habari ya sakafu haina kazi, na katika VFP ya awali (VFP ni sehemu ya ARM inayoshughulikia namba za desimali) biti ile ilibaki sifuri. Lilipokuja toleo la VFPv3 na kuruhusu nyumba 16 zaidi ng'ambo ya barabara, d16 hadi d31, biti ile iliyokuwa bure ikapewa kazi ya kusema upande gani wa barabara. Nyumba mpya hazikugawanywa sakafu, ndiyo maana hakuna s32. Na programu za zamani hazikubadilishwa hata biti moja.

Hilo ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko unadhifu. AArch64 ilinyooka kwa sababu ilianza ukurasa mpya, na amri za zamani haziwezi kusomwa na prosesa ikiwa katika hali hiyo mpya. RISC-V haikuwa na wapangaji wa zamani wa kuwahamisha. Kulinganisha mwenye kiwanja kitupu na mwenye nyumba zinazokaliwa si haki.

Ipo na njia ya tatu, Zfinx ya RISC-V, inayofuta rejista za desimali na kutumia zile za namba kamili. Inafaa chipu ndogo zinazobania nafasi, ila unapoteza rejista 32 nzima.

Pale ninapokubaliana na wanaolaumu ni kwenye kufundisha. Anayeanza kusoma amri kwa mkono nitampa RISC-V kwanza, ARM baadaye. Na ARM yenyewe haijaisha: chipu nyingine zina d0 hadi d15 tu, na humo EE702B01 si amri halali. Mwanafunzi wangu amerekebisha mpangilio wa biti kwa mistari miwili. Hiyo ya chipu zenye nyumba 16 pekee bado hajaiandika.