Mwachieni Baba kidonge chake cha bei nafuu

"Kwa nini Baba anapewa kopi?" Dada yangu aliuliza hivyo huku ameshika boksi la atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), nililonunua Kariakoo. Kwake yeye, mzee aliyetusomesha kwa jasho lake hawezi kupewa dawa isiyo na jina. Namwelewa. Kwetu heshima ya mzazi huonekana katika kile unachomnunulia, na neno "orijino" lina uzito wake, kuanzia simu hadi vipuri vya gari.

Lakini orijino Baba alikuwa nayo. Alinunuliwa Lipitor, yaani atorvastatini yenye jina la kampuni ya kwanza, kwa miezi minane, na lehemu yake haikushuka kama daktari alivyotarajia. Sababu niliigundua nilipofungua droo yake: vidonge 20 kati ya 30 vya mwezi uliopita vilikuwa bado vimelala kwenye karatasi zake. Alikuwa akinywa kimoja kila siku ya tatu ili boksi lisogee. "Nawaonea huruma, mwanangu," aliniambia. "Hela yote hiyo, kidonge kimoja!" Alikuwa akitulinda sisi, na mishipa yake ya moyo ndiyo ilikuwa ikilipa.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na sioni haya kuusema: ikiwa bei ya chapa inamfanya mgonjwa aruke dozi, chapa hiyo inamdhuru.

Tuangalie basi hiyo orijino ni nini. Atorvastatini ilitengenezwa mwaka 1985 na mkemia Mmarekani, Bruce Roth, ikaingia sokoni mwaka 1997 kwa jina la Lipitor. Mwaka 2006 peke yake iliiingizia kampuni ya Pfizer karibu dola bilioni 13. Hataza yake, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, Marekani ilikwisha Novemba 30, 2011, na hapo viwanda vingine navyo vikaruhusiwa kuitengeneza. Dawa inayozuia ini kuzalisha lehemu ni ile ile, iwe na jina la Lipitor au isiwe nalo.

Tena jenereki, yaani dawa ile ile inayotengenezwa na viwanda vingine, haisajiliwi kwa maneno ya muuzaji. Watu wa kujitolea hunywa dawa ya awali, kisha wakati mwingine hunywa hiyo jenereki, na kila mara hutolewa damu tena na tena kupima imeingia kiasi gani na kwa kasi gani. Wengi husikia kile kipimo cha asilimia 80 hadi 125 wakadhani kidonge kinaruhusiwa kupungukiwa moja ya tano ya dawa. Sivyo. Huo ni mpaka wa kulinganisha dawa iliyoingia damuni kutoka kwenye jenereki na ile ya awali, na makadirio yote, pamoja na shaka yake ya kitakwimu, lazima yabaki ndani yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipopitia majaribio zaidi ya 2,000 ya namna hiyo, tofauti ya wastani ilikuwa chini ya asilimia 5.

Hofu ya dada yangu ina msingi, siikatai. Mwaka 2012 kampuni ya Ranbaxy ilirudisha kutoka soko la Marekani baadhi ya atorvastatini zake kwa sababu huenda zilikuwa na chembe za kioo. Ila mwaka 2003, huko huko Marekani, ilikutwa Lipitor ya bandia, maana waghushi hufuata jina linalouzika. Kwa hiyo mimi dukani siulizi habari ya chapa. Nauliza kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, natazama kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi, na nanunua famasi yenye mfamasia. Namwomba pia anipe ya kiwanda kile kile kila mwezi, kwa sababu rangi ya kidonge ikibadilika Baba huingiwa na wasiwasi, na mzee mwenye wasiwasi huacha dawa. Kubadilisha kwenyewe tulikufanya kwa ushauri wa daktari wake, miligramu 20 kwa miligramu 20.

Sasa anakunywa kila usiku baada ya taarifa ya habari. Baada ya miezi mitatu tulipima tena: lehemu mbaya (LDL) ilikuwa imeshuka kutoka 4.4 hadi 2.5. Dada aliisoma ile karatasi ya maabara mara mbili, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza boksi ni shilingi ngapi. Nikamtajia.

"La mwezi ujao nitanunua mimi," akasema.